Mifupa ya Mama Agar inabakia Kamina

Lise hakuzunguka na maneno. Alisema mu telefone: «Mama, mufupa ingine ikivunjika, ninakuya kukukamata. Utakaa kwangu Lubumbashi. Nyumba ya Kamina tutaiuzisha.»

Mama Agar akajibu «ndiyo, mutoto wangu», akakata telefone, kisha akasema neno moya yenye haisemwake na mama wa kanisa.

Ile nyumba bwana yake, marehemu Kapenda, aliijenga tofali kwa tofali wakati alikuwa anatumika ku reli. Nyuma yake kuko shamba kidogo ya mboga ya lengalenga na mahindi. Mama Agar alifundisha shule ya primaire mu ile mutaa mpaka pansio. Nusu ya bantu benye kupita ku barabara, yeye njo alibafundisha kuandika majina yabo. Kwenda kukaa mu chumba ya nyuma kwa mutoto wake, kuangaria televizio ya bengine, kwake ilikuwa sawa kuzikwa na macho wazi.

Mambo ilianza na beseni ya mihogo. Alikuwa anaiinua toka chini apate kuiweka ku kichwa, sawa vile anafanyaka tangu utoto, mukongo ikalia kà! sawa kijiti ya kukauka. Hakuanguka. Hakujikwaa hata. Beseni tu.

Bantu ya mutaa bakaanza: ni bulozi, ni bandugu ya Kapenda banataka nyumba. Kwetu kuku akikufa ni bulozi, mufupa ikivunjika ni bulozi. Tuchoke sasa. Radio, ile foto ya mifupa, ilionyesha mufupa moya ya uti wa mukongo imefinyika sawa biskwiti mu mufuko, na ingine mbili zenye kufinyika zamani, yeye alizaniaka ni uchovu wa shamba.

Dokta Mira, mwanamuke kijana wa ku hospitali, akamupatia ugonjwa jina yake: ostéoporose, na yake ilikuwa ya nguvu. «Mama, mifupa yako iko na matundu ndani sawa mukate. Inakamataka sana bamama bale damu ya mwezi ilisha kukatika. Haiumi, inanyamaza. Siku inasema, imeshavunja.»

Akamuwekea njia ku meza. Kuko komprime, moya kwa posho, ni kusema kila siku saba, na kisha kumeza hakuna kulala. Kuko sindano ya mu mushipa, moya kwa mwaka, lakini hapa hakuna, inaombaka kwenda Lubumbashi. Njia yote utakamata, iko pamoja na kalsiumu na vitamini D, na kubadirisha maisha: beseni ku kichwa hapana, kutwanga hapana, kula ndakala, ile samaki kidogo ya kukauka, na mifupa yake yote, kuona jua, kutembea kila siku. «Dawa bila kutembea ni nusu,» dokta akasema. «Kutembea bila dawa, kwa mifupa yako, hata nusu haifike.»

Mama Agar akachagula komprime mbio mbio. Sindano ni Lubumbashi, Lubumbashi ni Lise, na Lise akikukamata haachilie.

Sasa sikia vile mapendo inaweza kulaza muntu. Bamama ba kanisa bakakuya, bakachota maji, bakapika bukari, bakafagia. Mama Agar akisimama: «Mama, ukae!» Akishika ufagio: «Mama, ukae!» Kwao kukalisha mukubwa ku kiti njo heshima, na yeye alikuwa na haya ya kukataa heshima. Akakaa. Miguu ikaanza kupoteza nguvu sababu ya kukaa tu.

Kisha kifua ikaanza kuwaka. Kila siku ya kwanza ya posho, saa ya komprime, moto ilikuwa inapanda tokea tumbo mpaka ku koo. Akabeba ile moto mwezi muzima bila kusema, kisha akaambia jirani yake Sylvie, bibi ya sordat wa jeshi, mwenye alikuya Kamina na kazi ya bwana na Lingala mingi mu kinywa.

«Mama na ngai,» Sylvie akasema, «ile si dawa, ile ni batiri ya motoka. Tupa mu choo.»

«Nikitupa, mufupa itavunjika. Ikivunjika, Lise anakuya.»

«Basi umeze.»

«Nikimeza, ninaungua.»

«Basi ukufe, tupumuzike!» Bakacheka bote wawili, lakini Mama Agar akacheka na mukono ku kifua. Posho ile hakumeza. Ingine pia hakumeza. Kisha akavaa kiatu, akaambia Sylvie amusindikize ku hospitali. Njiani alikuwa anajua: dokta atamwambia sindano. Na sindano, unajua mwenyewe kwenye inapelekaka.

Dokta Mira hakuandika kintu. Aliuliza tu: «Mama, unamezaka namna gani?»

«Sawa ulisema. Asubui, tumbo bule, bila kula, kopo muzima ya maji.»

«Kisha?»

«Kisha hakuna. Ninaomba.»

«Unaombaka namna gani? Unionyeshe.»

Mama Agar akamuangaria sawa vile aliangariaka mutoto wa shule mwenye kuuliza swali ya haya. Lakini alikuwa mwalimu, na swali ni swali. Akashika meza, akapiga magoti pole pole, akainama mpaka paji ya uso ikagusa kiti, matako juu. Sylvie akageukia ukuta apate kuficha kicheko.

«Na unabakiaka vile wakati murefu?» dokta akauliza.

Sauti ikatokea chini ku kiti: «Inategemea. Kuko bagonjwa, kuko bajane, kuko batoto ba shule. Kisha Serikali. Serikali peke yake inakulaka wakati.»

Dokta akapiga meza. «Njo pale! Komprime inashuka, weye unageuza chupa! Inarudia ku koo, inachoma nyama. Nilikuambia usilale!»

«Sikulala! Nilipiga magoti!»

«Mama, kwa komprime ni sawasawa. Kichwa juu, mukongo sawa, nusu saa muzima. Hakuna kulala, hakuna kuinama, hakuna chai.»

Akamusaidia kusimama, akamupatia dawa ya kuponesha koo kwanza, akamukataza komprime mpaka ipone. Kisha akasema bila kumubembeleza: «Tutajaribu mara moya tena. Ikichoma, tunaachana nayo. Utaenda Lubumbashi kwa sindano, na si haya. Ni dawa ya muzuri.»

«Na Mungu, anasikiaka muntu mwenye kusimama?»

«Weye njo mama wa kanisa. Ujibu weye.»

Akajibu. Siku ya kwanza, kisha koo kupona, alimeza, akakunywa maji yote, akatoka inje. Aliogopa kukaa, magoti isimudanganye ainame tena. Akaanza kutembea barabara ya udongo mpaka ku reli, akiomba na sauti, muntu kwa muntu. Kila mara alikuwa anangojea moto. Alipita bagonjwa mu maombi, hakuna. Alipita bajane, hakuna. Alifika ku reli, akagusa kifua: baridi sawa maji ya mutungi. Akarudia nyumbani anaimba, na kila asubui ingine, komprime ao hapana, akatoka tena.

Bantu bakasema. Sylvie akamukimbilia siku moya: «Mama, banasema akili imekutoka, unazungumuza peke yako ku barabara!»

«Baseme. Mimi niko mu Serikali sasa, usinikatize.»

Bamama ba kanisa bakarudia na «ukae» yabo. Akababakisha ku mulango: «Mukae nyinyi! Munataka kunizika mu kiti?» Mmoya akanuna mpaka siku ya Mungu. Yeye akamupelekea lengalenga, ikakwisha.

Akaomba muntu wa ku soko amuwekee jembe muti murefu, apate kulima bila kukunja mukongo. Bakamucheka: jembe urefu sawa mulingoti ya bendera! Akalima. Maji, Sylvie alikuwa anayileta na kinga, ile baiskeli, bidon ku kila upande, na Mama Agar alikuwa anafundisha batoto ba Sylvie kusoma. Ndakala alikula mpaka paka ya Sylvie ikamufuata sawa askari. Mahindi ilienda ku mashini ya kusaga. Kichwa yake haikubeba tena kintu ingine, kilemba tu.

Mwaka ikapinduka. Lise hakungojea tena mufupa ivunjike, akafika na bus, na sanduku tupu ya kuwekea bintu bya mama, na ya kurudia alisha kulipa biti mbili, tiketi yake na ya mama. Alikuta mama yake anasimama ku parkingi.

«Nani alikuleta?»

«Miguu.»

Bakaenda pamoja kukamata radio mupya. Dokta Mira akaweka ya zamani na ya mupya ku mwangaza. Zile mifupa tatu zilibakia za kufinyika, hakuna mwenye atazinyoosha. Lakini hakuna ya ine. «Ugonjwa iko, nisikudanganye,» akaambia Lise, «na komprime bado inaendelea. Lakini mama yako anaishinda.»

Lise hakusadiki. «Ni bahati. Kesho tunaenda, mama.»

«Kesho asubui utanifuata kwanza.»

Asubui bakatoka. Lise anatumikaka ku biro, kiti inamujua. Mbele ya kufika ku reli alishika kiuno, akatafuta jiwe, akakaa, jasho inashuka. Mama yake hakusimama. Sauti yake ilikuwa inaenda mbele: «…na ule mutoto wangu Lise, Bwana, mwenye kukaa ku jiwe, umupe pumuzi…»

«Mama! Ungojee!»

«Siwezi! Bado nusu saa haifike!»

Lise akacheka peke yake ku jiwe mpaka machozi. Wakati mama alirudia, mukongo ya kupindika kidogo lakini kichwa juu, hakusema tena neno ya kuuzisha nyumba. Akasema tu: «Bon. Lakini ukibeba beseni ku kichwa, Sylvie ataniambia.»

«Sylvie anaambiaka bantu bote kila kintu. Usiwe na wasiwasi.»

Bus ikatoka Kamina na Lise ku dirisha. Ku kiti ya pili, ile ya kulipwa, kulikaa gunia ya ndakala. Mama Agar mwenyewe njo aliifunga mukaba.