Dada Alivyonunua Kirikuu

Gari la mkononi linakaguliwa asubuhi, kabla mwenyewe hajaliwasha. Hilo sijadiliani na mtu. Muuzaji anayekuambia uje saa nane mchana, injini ikiwa imeshapata moto na inanguruma vizuri, huyo ana kitu anakuficha. Mimi nikifika naweka kiganja kwenye boneti hata salamu hazijaisha. Ikiwa ya moto, napanda bajaji ileile iliyonileta na kurudi nyumbani. Watu wa Shinyanga wananiita mkorofi kwa ajili hiyo, na haohao wananipigia simu wakitaka kununua gari.

Ujuzi huu sikuupata kwa kusimuliwa. Niliendesha malori ya kubeba mawe mgodini kwa miaka mingi, mwanamke peke yangu katika zamu yetu, hadi mgongo uliponigomea. Nilipoacha kazi, ndugu na majirani wakaanza kunichukua niwasindikize kukagua magari. Tukifika, muuzaji anampa mkono mwanamume niliyekuja naye, anamweleza yeye habari zote za injini, na mimi namwacha aendelee kufurahi. Wao wakiongea, mimi niko chini ya gari, kanga nimeifunga kiunoni, natazama springi.

Huku kwetu anza na springi. Katika ukanda huu wa dhahabu mtu shimo lake likitema, kitu cha kwanza ananunua gari, na likikauka, kitu cha kwanza anauza gari. Katikati ya hapo gari limebebeshwa viroba vya mawe kutoka shimoni hadi kwenye mashine za kusaga, mzigo ambao halikuundwa kuubeba. Rangi watapaka upya, viti watavalisha vitambaa, dashibodi wataipaka mafuta ing'ae. Lakini springi iliyolala imelala, na vumbi jeupe la mawe yaliyosagwa linabaki kwenye kona za chasisi ambako hakuna anayehangaika kuosha. Nikiliona vumbi hilo, sihitaji kusikia historia ya gari.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia simu kutoka Segese, mume wake akiwa amefariki si muda mrefu. Yeye ni mama lishe. Anawapikia wachimbaji ugali na maharage, wali, na mchuzi wa nyama siku ambazo mashimo yanatoa. Chakula alikuwa anakipeleka kwa bodaboda, na kila shimo jipya lilikuwa mbali kuliko la zamani. Mchuzi unamwagika njiani, wali unafika umepoa, na mchimbaji aliyetoka chini na njaa yake hamsubiri mtu. Basi akauza ng'ombe alioachiwa na marehemu ili anunue gari.

"Mdogo wangu," aliniambia, "ng'ombe wameshatoka zizini. Nikikosea hapa, mimi na wanangu tutakula nini?"

"Hukosei," nikamjibu. "Mimi nipo."

Hakuja peke yake. Alikuja na shemeji yake, mdogo wa marehemu, eti kama mwanamume wa familia. Mtu mcheshi, shati limenyooshwa, simu mbili mkononi. Alinisalimia kwa heshima zote na kuniita shemeji, nami nikampenda palepale. Jamani, mtu akijua kuongea anaweza kukupumbaza hata kama una macho manne.

Gari la kwanza tuliliona hapahapa Shinyanga kwa dalali mmoja. Lilikuwa jeupe, safi, otomatiki. Dalali akamgeukia dada na kumwambia kwamba hili ndilo gari la mwanamke, unakanyaga mafuta tu na linakwenda. Niliona uso wa dada ukichangamka. Wa shemeji ulikunjamana kidogo, nikadhani hakuipenda rangi.

Mimi sina ugomvi na otomatiki. Mtu akiniambia anakaa Dar es Salaam kwenye foleni, nitamwambia nunua, uupumzishe mguu wako. Lakini nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, nikanusa. Mafuta mazuri ni mekundu na hayana harufu ya kukera. Haya yalikuwa meusi na yananuka kama chungu kilichoungua. Nikaliwasha, nikaweka gia ya nyuma. Gari likasita, likafikiri, kisha likaruka kwa kishindo. Nikazima na kumrudishia dalali ufunguo wake.

Nikamweleza dada njia nzima ya kurudi. Gia boksi ya otomatiki ikifa Segese, fundi wa Segese ataitazama tu na kukupa pole. Utatafuta lori la kulibeba gari hadi Mwanza, na huko watakwambia ununue gia boksi nyingine. Gari la gia za mkono klachi ikiisha, mafundi wetu wanaishusha chini ya mti na kuibadilisha, na jioni unalala kwako. Betri ikifa, vijana wanakusukuma, unatia gia ya pili na kuachia klachi, injini inawaka. Na ukiteremka mlima na mzigo, gia ndogo inakushikia gari, breki zinapumzika.

"Ila lile ningeliweza," dada akasema kwa sauti ya chini.

"Na la klachi utaliweza."

Shemeji akadakia kwa nguvu. "Msikilize mtaalamu. Gari la klachi ndilo gari. Shemeji anajua, tena anajua sana." Sifa zake ziliniingia, nikanyoosha shingo.

Gari la pili lilikuwa Masumbwe, kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akilibebea pumba za kuku. Ilikuwa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo ambako mbele wanakaa wawili na nyuma ni mzigo tu. Tulifika kuku bado wanatoka bandani. Mzee akatutolea mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, tukaitikia, na kiganja changu tayari kiko kwenye boneti. Baridi kabisa. Springi zimesimama, chasisi ina matope ya kawaida na pumba, hakuna vumbi jeupe. Namba ya chasisi nikailinganisha na iliyo kwenye kadi ya gari, zikawa moja, na jina la kwenye kadi lilikuwa lake mwenyewe.

Kisha nikaipima klachi, na hii nawapa bure. Vuta breki ya mkono hadi mwisho, tia gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo, uachie klachi taratibu. Injini ikizima, klachi ni nzima. Ikiendelea kunguruma na gari limesimama, klachi imekwisha, mwache mtu na gari lake. Ya mzee ilizima mara moja. Baada ya hapo nikateremka nayo kilima nikiwa kwenye gia ya pili, nikainua mguu kwenye mafuta ghafla. Gia iliyochoka hapo inaruka na kutoka yenyewe. Hii haikutikisika. Nikarudi kwa dada na kumwambia alipe.

Kadi tukakubaliana ihamishiwe kwa jina la dada, nami nilijiandaa kubishana na shemeji. Wala hakubisha. Alicheka, akaupokea ufunguo kutoka kwa mzee kabla dada hajanyoosha mkono, akautia mfukoni.

"Mwandikeni shemeji, hamna shida," alisema. "Gari la klachi hili, yeye ataliendeshea wapi? Dereva ni mimi."

Kumbe ndiyo maana. Ndiyo maana lile jeupe lilimkunja uso, ndiyo maana mimi nilikuwa mtaalamu mkubwa. Nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Ng'ombe ni wa mwanamke, pesa ni ya mwanamke, kadi ni ya mwanamke, na gari limeshaondoka. Dada aliinamisha kichwa, maana hakutaka kugombana na ukoo wa mumewe mbele ya mwalimu wa watu. Tulirudi Segese shemeji akiwa kwenye usukani na muziki juu.

Miezi iliyofuata nilisikia yote kwa simu. Chakula kiko tayari, dereva hayupo. Dereva amekwenda kubeba miti ya kushikilia mashimo ya rafiki zake. Dereva amerudi, mafuta yamekwisha, na dada ndiye anayejaza. Mama lishe mwingine mwenye bajaji akaanza kufika mashimoni mapema, na wachimbaji wa dada wakamzoea yeye. Siku dada aliponiambia kwamba amemwaga sufuria nzima ya wali kwa kukosa mlaji, sauti yake haikuwa ya mtu anayelia. Ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa, na hiyo iliniuma zaidi.

"Jifunze," nikamwambia.

"Nimeshajifunza," akajibu.

Bwana wee. Alikuwa akisafiri kimyakimya hadi chuo cha udereva Kahama, na leseni ilikuwa kwenye pochi. Ila gari la chuo halikuwa na mzigo, na barabara ya mashimoni ina mlima. Huo mlima ndio uliomtia hofu.

Nikapanda basi hadi Segese. Nikaenda kwa shemeji nikamsalimia vizuri, nikamwambia nimekuja kuikagua kirikuu, nikae nayo siku chache, nisikie kama klachi bado iko sawa. Akanipa ufunguo mwenyewe, na soda juu. Kila alasiri tukawa uwanja wa shule, mimi na dada, na viroba vya mchanga nyuma. Alikuwa anaiachia klachi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikamwambia hapana, iachie kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, ukiutoa mkono upesi anaamka. Amelea watoto watano yule. Hapo akaelewa.

Asubuhi ya kwanza ya kupeleka chakula mwenyewe, shemeji akatokea. Alipomwona dada kwenye usukani alicheka, akafungua mlango na kukaa pembeni yake. "Nakuja kukusaidia ukishindwa," akasema. Mimi nikakaa nyuma na sufuria, nikiwatazama kupitia kioo kidogo.

Tulienda vizuri hadi katikati ya mlima. Hapo ng'ombe wakaingia barabarani, kundi zima, na dada akasimama. Walipopita, akawasha, akaachia klachi, gari likazima. Akawasha tena. Likaruka, likazima, likarudi nyuma kidogo, sufuria zikagongana, na mchuzi ukaniunguza vidole. Nilijua akikabidhi usukani leo mbele ya mlima huu, hataushika tena maishani mwake.

"Haya, shuka," shemeji akasema. Sauti ilikuwa ya upole kabisa. "Nilisema mimi. Nipe gari."

Nilitaka kugonga bati na kumtukana. Nikajizuia, kwa sababu gari halikuwa langu na jibu halikuwa langu.

Dada hakuitoa mikono kwenye usukani. Kisha akavuta breki ya mkono.

"Kweli shemeji, gari limekuwa zito," akasema. "Shuka wewe, lipungue. Na uniwekee jiwe nyuma ya tairi."

Shemeji akashuka haraka, amefurahi, akaingia porini kutafuta jiwe. Dada akawasha. Nilimsikia akiiinua klachi polepole, hadi sauti ya injini ikashuka na pua ya gari ikanyanyuka kidogo. Akaachia breki ya mkono. Kirikuu ikaanza kupanda, bila kuruka, bila kuzima, na nyuma yetu shemeji akatokea barabarani amekumbatia jiwe kubwa kifuani.

Nikagonga bati. "Dada, shemeji amebaki."

"Nimemwona," akajibu kupitia dirisha. "Njia ya kurudi anaijua."

Tulipofika juu akatia gia ya tatu.