Mzee mwenye tiketi mbili kwenye treni yetu ya watalii, na namba ambayo sikuiomba

Heshima kwenu wakuu. Hii siiongezi chumvi, imenitokea mwenyewe msimu huu wa majani kubadilika rangi.

Nipo Germantown, Maryland, nimepanga chumba. Kazi yangu ni ukondakta kwenye kampuni ndogo ya reli, kama saa moja na gari kutoka hapa. Siku za wiki tunavuta mabehewa ya mbao na nafaka. Weekend tunabeba watalii.

Kwenye mizigo tupo wawili, mimi na dereva, na stori zetu zote ni za kwenye radio call. Kuna wiki inaisha sijatamka neno la Kiswahili, labda nimpigie mama.

Sasa Jumamosi hiyo treni imejaa. Bosi akaniambia behewa la pili kuna siti tupu, nimkalishe mama mmoja aliyesimama.

Nikaenda. Dirishani kakaa mzee, Mmarekani mweusi, kalaza koti siti ya pembeni.

"Sir, is anyone sitting here?"

Akanionyesha tiketi mbili. "My wife. She passed in the spring."

Yaani mkewe alifariki miezi michache nyuma, na bado kamkatia tiketi. Yule mama nikampa kiti changu.

Kurudi, mzee keshasoma jina langu kifuani.

"Shikamoo, Bwana Mwakalinga."

Wakuu, mtu wa miaka sabini na kitu! Nikacheka. "Hapana mzee, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba! Nimesahau nani anaanza."

Kumbe yeye na mkewe walisoma Kiswahili darasa la jioni D.C., wakawa wanakiongea jikoni kwao.

"Sasa sina mtu wa kusema naye," akaniambia.

Mwisho wa njia injini huwa inahamishiwa upande wa pili ili turudi. Kondakta mwenzangu akashughulika nayo. Mzee akaondoa koti. "Karibu, keti."

Nikakaa. Akanisimulia mkewe alivyokuwa akisema "nakupenda chapati" kila akiiona chapati. Tukacheka mpaka akafuta macho. Na mimi nikafuta yangu.

Tuliporudi stesheni nikawa nashusha abiria. Nilitaka kumwomba namba, nikajiambia nitaonekana msumbufu. Nilipogeuka, gari lake linatoka parking.

Jumamosi zote zilizofuata nilimtafuta behewa kwa behewa. Msimu umeisha, hakurudi. Hata jina lake sikuuliza.

Nilichojifunza: aibu ya dakika moja unaweza kuishi nayo muda mrefu sana.

Wana DMV (D.C., Maryland na Virginia) mliopo humu, Jumapili huwa sina kazi na ugali najua kusonga. Nani yupo karibu?