Uzi wa Kijani

Ofisa alipopitisha sumaku juu ya mwanasesere wa tatu, kitambaa cha tumbo kiliinuka kidogo, kama kinachosukumwa kwa kidole kutoka ndani. Akaiondoa sumaku, kitambaa kikalala. Akairudisha, kikainuka tena. Shangazi yangu aliketi kando yangu akiwa amepakata mkoba wake. Ofisa alichukua mkasi, akafumua mshono wa mgongoni, akatoa vipande vya nguo kimoja kimoja, kisha akaweka juu ya karatasi nyeupe nusu ya sindano ya cherehani. Ilikuwa nusu ile yenye ncha.

"Hajati," alisema, "kitu hiki kilikuwa kinakwenda kwa mtoto."

"Nakiona," shangazi alijibu.

Tulikuwa tumekwenda kwenye ofisi inayokagua bidhaa kwa sababu ya duka moja la Kabalagala. Mwenye duka huuza vitu vya watoto, na wanasesere wa shangazi walikuwa wakikaa kwenye rafu yake ya mbele. Siku moja alimwambia kwamba hatapokea tena kitu chochote cha mtoto kisicho na alama ya ubora, maana wakaguzi walikuwa wamepita mtaani kwao na kuchukua njuga za plastiki na magari ya bati kwa jirani yake. Shangazi alikuja kwangu na fomu. Mimi huandika taarifa za redio, kwa hiyo ndugu zangu huamini kwamba karatasi yoyote yenye mistari ni kazi yangu.

Shangazi ameshona wanasesere tangu sijazaliwa, kwenye ukumbi wa nyuma wa nyumba ya babu yetu pale Old Kampala. Babu alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo, na shangazi alijifunza kushona kwa kuokota yaliyoanguka chini ya meza yake. Mpaka leo hanunui pamba ya kujazia. Hupewa na mafundi cherehani wa mtaani magunia ya vipande wanavyofagia jioni, na kila gunia huambatana na uzi wowote uliobaki kwa fundi huyo. Uzi huo ndio anaoufungia migongo ya wanasesere wa gunia lile, na gunia likiisha, rangi nayo inaisha. Nilidhani ni ubahili tu, mpaka siku ya ofisini.

Mwanzoni ofisa alikuwa amefurahi. Alikulia upande wa mpakani na alipenda kuzungumza Kiswahili na mtu anayekisema vizuri. Aliyasifu macho. Shangazi huyadarizi kwa uzi mweusi, kama mama yake alivyomfundisha, hatumii vifungo wala shanga.

"Hapa hakuna cha kumeza," alisema huku akilivuta jicho kwa ukucha. "Wengine wananiletea macho ya gundi. Nikipuliza tu, yanaanguka." Kisha akauliza, "Namba ya kundi iko wapi? Nitajuaje huyu alitengenezwa pamoja na yupi?"

"Mgeuze," shangazi alisema. "Uzi wa kijani. Wote wa gunia hili wamefungwa kwa kijani. Kabla yao walikuwa wa buluu, kabla ya hapo wekundu."

Ofisa alimtazama, akaandika kitu. Nadhani wakati ule alikuwa karibu kutupatia alama. Ndipo akafungua droo na kutoa sumaku.

Baada ya sindano kuonekana, aliuliza vipande huchambuliwa vipi, na nani aliyechambua gunia lile la kijani.

"Mimi," shangazi alijibu.

Haikuwa kweli. Nilichambua mimi.

Ilikuwa wiki ya harusi ya binti wa dada yangu. Shangazi alikuwa amepakwa hina mikono yote miwili mpaka juu ya vifundo, na alipaswa kukaa hivyo mchana mzima bila kushika kitu. Muuzaji wetu wa Kamwokya, Mkenya anayepanga nguo za watoto mezani kando ya soko, alikuwa amepiga simu mara mbili akitaka wanasesere kabla ya sikukuu. Shangazi akaniambia nilete ungo nikamsaidie. Yeye humwaga vipande kwenye ungo, huvilaza kwa viganja na kuvibonyeza polepole, mara tatu, akigeuza kila mara. Hatazami. Huwa anazungumza na watu, au amefumba macho kabisa. Pini, kulabu, vipande vya zipu, vyote huvipata kwa ngozi. Mimi niliviangalia. Nilitoa pini nne na kulabu moja, nikamwonyesha kwa majivuno, naye akasema, "Umebonyeza?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimebonyeza mara moja, juu juu.

Pale ofisini nilifungua mdomo nimsahihishe. Shangazi alinigusa goti kwa mkoba wake, na nikanyamaza.

Ofisa alitupa wiki mbili. Tukusanye wanasesere wote wa uzi wa kijani, tuwakague, kisha tulete maelezo yaliyotiwa saini. Alama ingesubiri mpaka hapo. "Waliouzwa nao, Hajati. Hao hasa."

Gunia lile lilikuwa limetoa wanasesere ishirini na mmoja. Watatu walibaki mezani kwa ofisa, naye alikuwa ameshawafumua wale wawili wa kwanza pia asikute kitu. Kumi na mmoja walikuwa nyumbani, wanne walikuwa kwenye duka la Kabalagala bado hawajauzwa, na watatu walikuwa wamekwenda Kamwokya.

Kabla ya kurudi nyumbani tulipita kwa fundi aliyetupatia gunia lile. Ni Mkongo, na cherehani yake iko chini ya ngazi za jengo la zamani la maduka. Shangazi alimwekea kwenye kiganja ile nusu ya sindano, ambayo ofisa alituachia.

"Ni yangu," alisema bila kusita. "Mama, sindano zangu zinavunjika kila siku. Nikianza kuzilia, nitashona saa ngapi?"

"Sikuja kukulaumu. Nataka kujua ngapi."

Alifikiri. Wiki ile alikuwa anashona mikoba ya shule, ya turubai, akakumbuka vizuri kwa sababu alilazimika kuazima sindano kwa jirani. "Tatu," alisema. "Kipande cha juu kinabaki kwenye mashine, natoa natupa. Kile cha chini kinaruka. Kikiruka, mimi sikifuati, mama. Nafagia tu."

"Unafagia unatia kwenye gunia langu."

"Ninyi ndiyo mlisema nisitupe kitu."

Shangazi alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile, kisha akakirudisha kile kipande ndani ya leso.

Nyumbani alitafuta sumaku kwa jirani yetu anayetengeneza redio, duara nzito iliyotoka kwenye spika iliyokufa. Tulipanga wanasesere kumi na mmoja juu ya mkeka. Sumaku haikuvuta kitu kwa yeyote. Lakini shangazi hakuiamini, maana kitambaa kinene kilichokunjwa kinaweza kushika sindano isisogee. Akaanza kuwafumua wote. Alikata uzi wa kijani, akamwaga matumbo kwenye ungo, akabonyeza kwa viganja akitazama ukuta. Katika mwanasesere wa saba mkono wake ulisimama. Nusu ya pili ilikuwa imejichoma ndani ya pindo la turubai, imelala ubavu.

"Mbili," alisema.

Wale wanne wa Kabalagala tuliwaleta siku iliyofuata. Mwenye duka aliwafunga kwenye mfuko mweusi ili wateja wasione. "Mama, mimi sina neno nawe," alimwambia shangazi, "ila usiniletee wengine mpaka uwe na karatasi." Walikuwa salama, wote wanne, vipande vitupu.

Wakabaki wale wa Kamwokya. Yule Mkenya aliposikia habari alijishika kichwa. Wawili aliwafahamu waliowanunua. Mmoja alikuwa mpishi wa chapati wa upande wa pili wa barabara, na mwingine ni mwalimu anayekaa nyuma ya soko. Tuliwapata wote kabla ya adhuhuri. Mtoto wa mpishi alilia alipoona shangazi akimkata mwanasesere mgongo, na shangazi akamshonea pale pale, akiwa amechuchumaa kando ya karai la mafuta, kwa uzi mweupe. Ndani yao hamkuwa na kitu.

"Na wa tatu?" nilimuuliza Mkenya.

"Huyo sijui nikwambie nini. Ni mama fulani wa Kiswahili cha Kongo. Alisimamisha boda hapa, ikiwa na godoro limefungwa nyuma na sufuria juu yake. Nadhani alikuwa anahama. Mtoto alikuwa mgongoni, wa kama mwaka mmoja hivi. Hata sijamaliza kumrudishia chenji, mtoto ameshaingiza mguu wa mwanasesere mdomoni." Akanitazama. "Aki, usiandike hiyo ya mdomoni."

Nilikuwa nimeshaandika.

Kwa siku mbili nilizunguka Kamwokya na daftari. Niliuliza waendesha boda kwenye vituo vitatu, wauza maji, wenye nyumba za kupanga, na kanisa moja ambalo Wakongo wengi husali. Nilipata akina mama wanne waliohamia wiki ile. Hakuna aliyekuwa na mwanasesere. Dereva mmoja alikumbuka godoro lakini hakukumbuka alilishusha wapi, akadhani ni Kabalagala, kisha akasema huenda lilikuwa godoro jingine.

Nilimwambia shangazi kwamba imebaki njia moja, tangazo la redio. Nilimwambia pia, kwa sababu ilikuwa haki yake kujua, kwamba tangazo halitamfikia mama yule peke yake. Litasikika kwenye kila duka na kila saluni, na watu hawatashika habari ya rangi ya uzi. Watashika kwamba wanasesere wa Hajati wa Old Kampala wana sindano.

Alikuwa anakunja vipande. "Tangazo linasomwa kwa lugha gani?"

"Kiganda na Kiswahili. Na Kilingala, nikimpata mtu."

"Mpate huyo mtu."

"Shangazi, ungeweza kumweleza ofisa kwamba ishirini wamepatikana na mmoja hajulikani aliko. Sheria haikulazimishi kutangaza."

"Kwani nimekuuliza sheria?" alisema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Na wewe usiniandikie humo kwamba ulichambua wewe. Ungo ni wangu."

Tangazo lilisomwa kwa siku tano, asubuhi na jioni. Nililiandika mwenyewe, nikalipunguza mara nne ili neno kijani lije mapema. Siku ya pili watu walianza kuja. Walikuja na wanasesere wa uzi wa buluu, mwekundu, mweupe, wengine wa miaka mingi iliyopita, waliolambwa na kuoshwa mpaka nyuso zikafutika. Mwanamke mmoja alileta wa kwake aliyepewa alipokuwa mdogo, ambaye sasa binti yake hulala naye. Shangazi aliwapokea wote ukumbini, akawabonyeza mmoja mmoja, akasema, "Huyu mzima, mrudishe." Baadhi walirudi nao. Wengi waliwaacha pale mkekani na kuondoka, na wengine hawakukaa hata kungoja abonyeze. Jirani mmoja, aliyezoea kuketi nasi jioni, alipita mlangoni akatuamkia kwa mbali. Siku ya tano walikuwa wamefika arobaini na watatu. Hakuna wa kijani.

Muda wa ofisa ulipoisha tulirudi na fomu. Nilikuwa nimeijaza kwa mpangilio, kila mwanasesere na alikopatikana. Kwenye mstari wa aliyechambua niliandika jina langu. Shangazi hakuvaa miwani, akatia saini chini bila kusoma, au nadhani hakusoma.

Ofisa aliisoma polepole. Aliuliza kama mabaki ya gunia yalipitishwa sumaku, nikasema ndiyo. Kama ukumbi ulifagiwa, nikasema ndiyo, na chini ya ngazi za fundi vilevile, kwa magoti. Akasema hawezi kutoa alama wala hawezi kukataa. Faili itabaki wazi. Akamshauri shangazi anunue pamba ya kiwandani, na shangazi akasema atafikiri.

Ni miezi minne sasa. Cherehani ya shangazi imefunikwa shuka. Ungo uko palepale, na mara nyingine namkuta ameweka viganja juu yake ukiwa mtupu. Ndani ya leso yake, kwenye droo ya kitanda, kuna nusu mbili za sindano. Fundi alisema tatu. Nimemrudia mara mbili kumuuliza kama ana hakika, na mara zote mbili amesema tatu.