Mwaka Tuliopiga Kura kwa Kusimama

Baba yangu alikuwa mtu wa kubishana. Nilipokuwa msichana mdogo mtaani Jericho, miaka ya sabini, Jumapili zetu baada ya kanisa zilijaa sauti yake. Alikuwa akiketi kwenye kibaraza cha nyumba yetu ya kupanga ya kaunsili ya jiji pamoja na jirani wa mlango wa pili, na hao wawili wangeweza kuanza na bei ya sukari, wakapita kwa mbunge wetu, wakafika kwa mawaziri, na chai ikapoa hawajaigusa. Baba alikuwa ametoka magharibi ya nchi na alifanya kazi ya ukarani katika ofisi moja ya umma mjini. Jirani alikuwa mtu wa Ukambani, dereva wa lori la mizigo, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwenye bomba la maji la mtaa. Sisi watoto tulimwita anko. Yeye alimwita mama shemeji, ingawa hatukuwa na undugu wowote.

Walichokipenda ni mabishano yenyewe. Wiki hii baba angemtetea waziri fulani na anko amponde, na Jumapili iliyofuata wangebadilishana pande bila aibu. Mama alikuwa akitoka na birika na kuwaambia, "Jamani, mtaa mzima umewasikia." Anko alijibu, "Ndiyo vizuri, shemeji. Wajifunze."

Siwezi kusema ni siku gani kibaraza kilinyamaza. Mambo hayo hayaji na siku yake. Rais mpya alipoingia, baba alimpenda. Sisi tulikunywa maziwa ya bure shuleni na mama alimwombea kanisani. Kisha likaja jaribio la mapinduzi, likashindwa, na baada yake hewa ilibadilika. Nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Taarifa ya habari ya kila jioni ilianza na Rais: alikokwenda, aliyoyasema, na watu aliowaonya. Hotuba zilianza kutugawa. Kulikuwa na wananchi waaminifu, na kulikuwa na wale wengine, wasioridhika, waliotumwa na wageni. Ajabu ni kwamba wale wengine hawakutajwa, kwa hiyo kila mtu alianza kumtazama jirani yake. Ofisini kwa baba watu waliofanya kazi pamoja tangu ujana walianza kuulizana kwa utani majina ya ukoo, na utani huo haukuchekesha.

Baba alinunua beji ya chama, akaivaa kwenye koti. Picha ya Rais ikapanda ukutani sebuleni, kama ilivyopanda ukutani kwa kila mtu. Mabishano yakahamia ndani ya nyumba, kisha yakapungua sauti, mwishowe yakabaki ya mpira tu. Hata kwenye mpira walichagua maneno, maana timu nazo zilikuwa na makabila yake.

Anko alipofanywa mwenyekiti wa tawi la chama pale mtaani, alikuja kumwambia baba kabla ya kumwambia mtu mwingine. Nilikuwa napasi nguo, nikawasikia.

"Wamenifuata mara mbili," anko alisema. "Wanasema watu wananipenda. Nikikataa, wataniuliza kwa nini nimekataa."

Baba alifikiri. "Afadhali wewe kuliko mtu tusiyemjua," alisema.

Nadhani wote wawili waliamini hivyo. Hata mimi niliamini.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi huko huko Eastlands, upande wetu wa jiji. Ilikuwa iwe kura yangu ya kwanza. Tukatangaziwa kwamba wanachama hawatatumia karatasi wala sanduku kuwachagua wagombea wa chama. Kila mtu angekwenda uwanjani na kusimama kwenye mstari, nyuma ya picha ya mtu anayemtaka, na mistari ihesabiwe hadharani. Walisema njia hiyo ni safi, kwamba mtu mwaminifu hana la kuficha.

Siku tuliyotangaziwa, mama alikuwa kwenye cherehani. Alishona sare za shule, na sebule yetu ilikuwa na vipande vya kitambaa cha buluu kila mahali. Alisimamisha mguu akamwangalia baba.

"Kwa hiyo utaniona, nami nitakuona," alisema.

"Na kila mtu atatuona," baba alijibu.

Tulikuwa na wagombea wawili wa kuzungumziwa. Mmoja alikuwa mheshimiwa, aliyekuwa bungeni tayari na mwenye marafiki juu. Mwingine alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mfupi mwenye miwani, aliyewafundisha nusu ya vijana wa mtaa kusoma. Jioni moja baba alirudi kutoka kazini, akakaa mbele ya ugali bila kuumega.

"Mkubwa ametuita," alimwambia mama. "Anasema anatarajia wafanyakazi wake wasimame vizuri. Hakusema zaidi."

"Amesema ya kutosha."

"Mimi nitasimama na mheshimiwa. Hawa wadogo bado wako shule."

"Sijakuuliza," mama alisema kwa upole.

"Na wewe?"

"Mimi sijaajiriwa na mtu."

Hawakugombana. Mama alimwondolea sahani, akaifunika ili apate kula baadaye.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali na vumbi. Uwanja wa shule ulijaa mapema. Vijana wawili waliinua picha, mmoja upande wa mashariki, mwingine karibu na geti, na watu wakaanza kujipanga. Nilisimama nyuma ya mama katika mstari wa mwalimu. Mbele yetu kulikuwa na mafundi, wauza mboga, wanawake wa kwaya, na wanaume niliowaona kila siku bila kujua wanafikiri nini. Kuwaona pale kulinipa furaha ya ajabu, kama mtu aliyegundua kuwa ana ndugu wengi. Mstari wetu ulipita magoli, ukafika kwenye ua, ukajikunja na kuanza kurudi. Ule mwingine haukufika katikati ya uwanja. Baba alikuwa ndani yake, amesimama wima, akitazama kisogo cha mtu aliye mbele yake. Nilimwonea huruma. Watu wa mstari wetu walianza kucheka na kutaniana, maana hakukuwa na haja ya kuhesabu.

Ndipo vijana wa chama walipoingia. Walipita kando ya mstari wakiwasukuma watu mabega na kuwaambia wahame. Anko alikuwa pamoja nao, amevaa shati la chama, uso umemvimba kwa joto. Alipomfikia mama alisimama.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "tafadhali. Nenda tu upande ule."

"Shemeji, mimi niko mahali pangu," mama alisema.

"Nakuomba. Hawa vijana siwamudu."

"Kama huwamudu, kwa nini unatembea nao?"

Anko aligeuka kuwatazama vijana. Kijana mmoja, ambaye hata hakuwa wa mtaa wetu, alimpita akamshika mama mkono. "Wee mathe, songa kule!" Akamvuta. Mama alipepesuka, kitambaa chake cha kichwa kikaanguka vumbini. Nilimshika kiunoni asianguke, na nikajisikia nikipiga kelele, sijui nilisema nini.

Nilipoinua macho, baba alikuwa ametoka kwenye mstari wake. Alikuwa anakatisha uwanja peke yake. Hakukimbia. Alitembea kama anavyotembea kwenda kazini, na uwanja mzima ukanyamaza kumtazama, pamoja na wale wa ofisini kwake aliowaacha nyuma. Alipofika aliokota kile kitambaa, akakikung'uta, akampa mama. Kisha akaja kusimama nyuma yangu.

"Mzee, huu si mstari wako," kijana alimwambia.

"Ndio mstari wangu," baba alisema.

Kijana alimgeukia anko, akingoja amri. Anko alimtazama baba. "Waacheni," alisema. "Nimesema waacheni." Akaondoka kwa haraka kuelekea getini.

Msimamizi wa uchaguzi alipita kando ya mistari akiwa na polisi wawili, akarudi mezani, akachukua kipaza sauti, na kumtangaza mheshimiwa kuwa mshindi kwa kura nyingi. Alisema hivyo bila kutetemeka, akiwa ametazamana na mstari wetu uliojikunja kwenye ua. Nilitegemea kelele. Haikutoka. Mwanamke mmoja tu nyuma yetu alicheka, kicheko kifupi, kisha akajiziba mdomo. Polisi walikuwa wameshaanza kutusogeza kuelekea nje.

Jumatatu darasani, msichana mmoja wa mbele aliinua mkono. Watoto walikuwa wametazama yote kupitia matundu ya ua wa uwanja. "Mwalimu," aliuliza, "mstari mrefu ulishindwaje?"

Darasa zima lilinitazama. Nilifahamu kuwa mlango uko wazi na kwamba mwalimu mwenzangu alikuwa akipita kwenye veranda.

"Wewe uliona upi mrefu?" nilimuuliza.

"Wa mama mwenye miwani."

"Basi uliona vizuri," nilisema, na tukaendelea na kusoma. Kwa siku kadhaa nilingoja kuitwa ofisini. Sikuitwa.

Baba ndiye aliyeitwa. Hakufukuzwa. Alikuta mtu mwingine kwenye meza yake, akaonyeshwa chumba cha chini walikotupa mafaili ya zamani, akaambiwa ayapange. Wateja wengine wa mama walihamisha sare zao kwa mshonaji mwingine, na wengine wakaja makusudi, hata wasio na watoto wa shule. Anko hakuja. Tulipokutana naye nje, alijifanya anakagua magurudumu ya lori.

Wakati huo baba alinieleza kitu ambacho nimekifikiria mara nyingi tangu hapo. Tulikuwa tukitoka kanisani, mama na wadogo zangu wametangulia. "Kuibiwa nimeshazoea," aliniambia. "Kinachonisumbua ni kwamba sote tuliona, na kesho yake hapakuwa na mtu aliyeona. Nimeketi na watu waliokuwa uwanjani, tunazungumzia mvua. Nami pia nazungumzia mvua."

Mwaka uliofuata anko naye alitupwa nje ya chama. Katika mkutano fulani mtu alisimama akasema kwamba mwenyekiti wa tawi aliwahi kuwalinda wapinzani siku ya kura. Neno lile "waacheni" lilikuwa limetunzwa na mtu kwa muda wote huo. Siku chache baadaye, Jumamosi mchana, alibisha hodi kwetu. Alisimama mlangoni ameshika kofia, amekonda.

Baba alimkaribisha. Anko aliketi pembeni mwa kiti, akaomba maji, akanywa. Mama aliendelea kushona.

"Shemeji," anko alisema, "nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile walikuvuta mkono mbele ya macho yangu."

"Mkono ulipona," mama alisema. Alikata uzi kwa meno. "Nikusamehe, nitakusamehe. Lakini kwanza niambie uliona nini uwanjani."

Anko alimtazama baba. Baba hakumsaidia.

"Mstari wenu ulikuwa mrefu," anko alisema.

"Sijasikia."

"Mstari wenu ulikuwa mrefu, shemeji. Mrefu sana. Na yule aliyetangaza alijua."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, jirani mwingine alikuwa akianika nguo, na niliona mikono yake ikitulia kwenye kamba. Baba aliinuka nusu. "Punguza sauti, bwana," alisema.

"Asipunguze," mama alisema. "Ile siku ya kumtangaza mheshimiwa walitumia kipaza sauti."

Basi anko alirudia, kwa ile sauti yake ya zamani ya kibarazani, na alipomaliza alikuwa analia. Mama aliacha cherehani, akaenda kumwekea chakula.

Wiki nzima tulikaa tukisikiliza hatua za watu. Gari likisimama nje, baba aliweka kijiko chini. Hakuna aliyekuja. Labda tulikuwa wadogo mno kwao, au labda yule jirani wa nguo hakusema kitu. Sikuwahi kumuuliza.

Mheshimiwa alikaa bungeni muda wake. Baba alistaafu kutoka kile chumba cha mafaili, akiwa na kikohozi cha vumbi ambacho hakikumwacha tena. Anko alipata kazi ya kuendesha gari la duka la vifaa vya ujenzi Eastleigh, na alikuwa akipita kwetu Jumapili mojamoja, lakini urafiki ule ulikuwa na ufa, na wote wawili walitembea juu yake kwa uangalifu. Mistari ilifutwa baadaye. Vyama vingine viliruhusiwa. Watu wanaozaliwa sasa wanadhani ilikuwa hivi siku zote.

Mimi ni mzee sasa, na nikisikia kiongozi yeyote akianza kutuambia ni wananchi gani walio wa kweli, moyo hunidunda. Uwanja ule nimeanza kuusahau. Sura za watu zimefifia. Ila wiki ile ya kusikiliza hatua naikumbuka vizuri: familia nzima imekaa mezani na chakula kimepoa, tukiwa na hofu kwa sababu mtu mmoja, ndani ya nyumba yetu, mchana kweupe, alikuwa amesema jambo ambalo mtaa wote ulilijua.