Pikipiki ya Teodori na Ukuta wa Mama Mkwe

Mwaka ule wa mahindi ya njano ya msaada, vita vimekwisha na maduka yakiwa matupu, mche wa sabuni ulikuwa habari ya kuzungumzwa mlangoni mwa kanisa. Sisi wanawake wa Bagara tulifulia majani ya mpapai, na nguo zilitoka kwenye beseni zikiwa safi kidogo na kijani kidogo. Sasa nifikirie mimi, Mama Herieli, nimeinama na majani yangu, halafu upande wa pili wa uzio namwona jirani, mwanaume mzima, amepiga magoti mbele ya pikipiki, anaiogesha kwa sabuni ya kweli yenye povu. Nilitaka kumrushia beseni.

Jirani mwenyewe ni Teodori, tuliyemwita Baba Jovita, mwendeshaji wa mashine ya kusaga. Dizeli ikipatikana, aliwasagia watu wa Bagara na wa Singe, akarudi nyumbani amejaa unga kuanzia kichwani hadi kwenye kope. Isipopatikana, na mara nyingi haikupatikana, alisugua pikipiki. Aliachiwa pikipiki hiyo na mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, naye alishukuru mpaka mzungu akaona aibu. Ilikuwa ya muundo wa zamani: taa ya duara mbele, tanki lenye tumbo, siti moja ndefu iliyonyooka, basi. Hata mimi niliyekuwa na hasira nayo nakiri kwamba ilikuwa nzuri.

Shida ni kwamba kitu kizuri watu hawakiachi kikae. Hatibu, fundi wa kuchomelea, alikuwa amekosa vyuma vya kufanyia kazi, amebaki kuziba masufuria, na mikono ilikuwa inamwasha. Kila akipita kwa Teodori lazima asimame.

"Baba Jovita, niruhusu nikupandishie usukani huu, ukae kama pembe za ng'ombe dume. Sailensa niitoboe kidogo, ukiwasha hapa wakusikie Mutuka. Nyuma tukuwekee keria."

"Hapana."

"Keria tu, ndugu yangu."

"Hatibu, waliotengeneza chombo hiki walikaa chini wakakichora. Wangetaka kiwe na keria wangechora keria."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Na kwa kuwa wazungu hawakuchora keria, ndoo ya maji ilibebwa kichwani na mkewe Skolastika, huku mumewe akimsindikiza taratibu kwa pikipiki. Gunia la mahindi alilibeba Teodori mwenyewe mabegani, akapita nalo mbele ya pikipiki yake akiitazama kwa mapenzi. Nilimwambia Skolastika, "Dada, wewe umeolewa uke wenza na chuma." Akacheka, lakini si sana.

Basi, kaka yake Skolastika, Xavery, akapata upadre, na misa yake ya shukrani ikapangwa Jumapili parokiani hapa mjini. Mama yao, bibi Katarina, alikuwa mjane wa kule Mutuka, mwenye goti bovu na macho yaliyoanza kuchoka. Kutembea hadi mjini asingeweza. Basi la abiria halikufika kwake. Trekta ya kijiji haikuwa na dizeli, na gari la parokia lilikuwa juu ya matofali likisubiri matairi. Mkokoteni wa punda ulikuwepo, lakini ukoo ulikataa katakata: mama wa padre ashushwe mlangoni mwa kanisa kama gunia la maharage? Macho yote yakageukia uwani kwa Teodori.

Hapo ndipo palipokuwa na kigingi. Katika ukoo ule, heshima ya mkwe na mama mkwe haikuwa ya mdomoni. Hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Teodori akifika Mutuka alisimama nje ya uzio, akageuza uso kuelekea mlima Kwaraa, akauambia mlima shikamoo. Bibi akaitikia marahaba huku akitazama kuku. Tangu harusi walikuwa hawajaongea zaidi ya hapo, mengine yote yalipitia kwa Skolastika. Sasa ile siti ndefu iliyonyooka, ukikaa nyuma, utake usitake, kifua chako na mgongo wa dereva vitajuana.

"Si umfundishe mtu mwingine kuiendesha?" nikamwambia Teodori. Akaniuliza kama mimi naweza kumwazima mtu meno yangu.

Tukakaa kikao uwani kwao. Mmoja akasema gunia la pumba liwekwe katikati, tukapima, tukaona bibi ataangukia nyuma kabla hawajavuka korongo la kwanza. Ndipo Hatibu akainuka, akaingia ndani ya nyumba bila kukaribishwa, akatoka amebeba ule upande wa kichwani wa kitanda chao cha chuma.

"Ukuta," akasema. "Huu unasimama katikati, naufunika kwa bati. Nyuma yake naweka kiti, bibi anakaa anatazama alikotoka. Mgongo kwa mgongo, ukuta katikati. Hata askofu atapitisha."

"Kwa hiyo unataka kunitengenezea banda la kuku lenye injini," akasema Teodori. "Sikubali. Pikipiki hii haijawahi kuguswa."

Skolastika hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema taratibu, "Mama yangu amemwombea Xavery tangu akiwa na kaptura. Jumapili Xavery atageuka kuwabariki watu, atamtafuta mama yake kwa macho, na hatamwona. Nimwambie nini? Kwamba shemeji yake alikuwa anatunza mchoro wa wazungu?"

Teodori akachukua kitambaa, akaenda kuisugua pikipiki mpaka jua likazama, na nilimwona akipitisha kiganja juu ya siti kama mtu anayeaga. Nilimwonea huruma, ingawa ile sabuni bado ilikuwa inaniuma rohoni. Aliporudi alimwambia Hatibu, "Usichomelee kitu. Funga kwa bolti. Na Jumatatu asubuhi uje kutoa kila kitu, isibaki hata alama." Bolti hazikuwepo dukani, kwa hiyo wakatumia za kitanda chenyewe, na wenye kitanda wakaanza kulala chini.

Jumamosi Hatibu alikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu vita viishe. Aliimba, aligonga, alipima kwa kamba, alinifukuza nilipotoa ushauri. Kazi ilipokwisha, bati lilikuwa limesimama kupita kichwa cha dereva, na nyuma yake kiti cha mbao chenye mikono miwili na mto. Ukiitazama kwa mbele ilikuwa pikipiki. Ukiitazama kwa nyuma ilikuwa choo. Teodori aliizunguka mara moja, akaingia ndani, hakula.

Yaliyotokea njiani Jumapili nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na cha ajabu ni kwamba hawakupingana.

Bibi Katarina alipandishwa na majirani wa Mutuka, amevaa khanga ya kuazima iliyotembea nyumba kwa nyumba mpaka ikampata. Mwanzoni Teodori aliendesha akiwaza macho ya watu wa mjini. Ghafla akasikia bati linagongwa.

"Hodi! Baba Jovita!"

Hakuwahi kusikia sauti ile ikimwita. Kidogo aachie usukani. "Naam, mama!"

"Barabara inakimbia!"

"Inakimbilia wapi, mama?"

"Inarudi Mutuka!"

Akamweleza kwamba kwa mtu anayetazama nyuma ndivyo inavyokuwa. Bibi akaridhika, na kuanzia hapo hakunyamaza tena. Mila ilikataza macho na mikono, na bati lilikuwa limeshughulikia vyote viwili. Ulimi ukawa huru. Wakagawana safari: Teodori akawa anatangaza ya mbele, bibi anatangaza ya nyuma.

"Mama, linakuja shimo!"

"Nimeshalipata!"

"Tunampita katekista Fabiani na baiskeli yake!"

"Namwona! Ametushangaa! Ameingia kwenye mahindi!"

Walipofika kwenye mteremko wa kuingia mjini, Teodori, ambaye kufikia hapo alikuwa amesahau hata aibu yake, akaongeza mwendo kidogo. Bati likagongwa kwa nguvu.

"Punguza! Mtu wa umri wako!"

"Umri gani, mama?"

"Mzee mzima unakimbia kama kijana! Mifupa hiyo haitaunga!"

"Mama, mimi sijafika hata arobaini!"

Upande wa pili sauti ikaja, ndogo kidogo. "Na zile mvi?"

"Mvi gani?"

"Kichwa chote, Baba Jovita. Cheupe tangu siku ya posa. Na mwaka huu zimegeuka njano, nikasema basi tena, ini limekwisha."

Teodori alisimamisha pikipiki katikati ya barabara kwa sababu alikuwa hawezi kuona kwa machozi ya kicheko. Siku ya posa alikuwa ametoka mashineni moja kwa moja. Na siku nyingine zote alizofika Mutuka alitoka hukohuko, na bibi, kwa macho yake yaliyochoka na kwa umbali ule wa heshima, alikuwa akiibia kumtazama kwa pembe ya jicho tu. Kumwuliza binti yako umri wa mumewe si adabu. Kumtazama mkwe vizuri ni vibaya zaidi. Kwa hiyo alikuwa amekaa na jambo lake.

"Ni unga, mama," akasema alipopata pumzi. "Nasaga mahindi. Na mwaka huu mahindi ni ya njano."

Alisubiri bibi acheke. Bibi hakucheka.

"Kila usiku," akasema nyuma ya bati, "nasali rozari moja kwa ajili yako tu, usife mapema. Nilisema Skola atakuwa mjane kama mimi, na mtoto mdogo mkononi. Akija mtu na habari kutoka mjini, kabla hajafungua mdomo mimi nimeshashika kichwa."

Teodori hapo alishindwa kucheka na alishindwa kuwasha. Miaka yote alikuwa amejua kwamba mama mkwe hamtaki. Alijua kwa ile marahaba yake. Ilikuwa marahaba ya msibani, ndefu, yenye kuvuta pumzi, na kila alipoisikia alirudi mjini amenywea na kushika kitambaa cha kusugulia pikipiki.

"Mimi nilidhani hunitaki, mama," akasema.

"Hee! Nani kakwambia? Nilikuwa nakulilia."

Wakakaa pale barabarani, mgongo kwa mgongo, kila mmoja anafuta uso wake kwa siri upande wake. Katekista Fabiani akawapita na baiskeli, na majani ya mahindi kwenye kofia, akawaambia kengele ya kwanza imeshagongwa.

Kanisani tuliwasikia kabla ya kuwaona. Watoto walitoka mbio, wakafuatwa na mama zao. Lilipotokea lile bati, watu walicheka mpaka wakashikana, na bibi Katarina, ambaye alifika akiwa ameligeuzia kanisa mgongo, hakuelewa kelele zinatoka wapi mpaka Teodori alipoigeuza pikipiki kumwonyesha umati. Tukampigia vigelegele. Xavery alitoka na mavazi yake ya misa, akaliona lile dubwana, akaegemea nguzo akicheka, huku analia. Alipogeuka kubariki watu, mama yake alikuwa kwenye benchi la mbele, khanga imejaa vumbi, goti limenyooshwa. Skolastika alilia hadi nikampa kitambaa changu cha kijani.

Jumatatu asubuhi Hatibu akaja na spana, kama walivyoagana. Mimi nilikuwa kwenye uzio wangu, nina beseni langu, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa nafua nguo zilizokuwa safi tayari, ili nisikie. Teodori alikuwa amekaa kwenye kigoda anaitazama pikipiki yake. Kwenye mwanga ule wa asubuhi ilikuwa mbaya kuliko nilivyokumbuka. Bati lilikuwa limejikunja pembeni, mto wa kiti umepasuka, na lile tanki zuri lilikuwa limechunika rangi mahali ambapo chuma cha kitanda kiligusa. Alama ile Teodori alikuwa ameshaiona. Alikuwa ameigusa kwa kidole.

Hatibu akapiga goti, akaweka spana kwenye bolti ya kwanza.

"Acha," akasema Teodori.

"Si ulisema isibaki hata alama?"

"Nilisema." Akalitazama lile bati. "Lakini nikiutoa ukuta huu, Hatibu, nitaongea naye vipi?"

Hatibu akamtazama, akanitazama mimi, akaona hakuna anayecheka. Akainuka, akafuta spana kwenye suruali yake. Alifika hadi getini, mikono ikamshinda, akageuka.

"Basi niruhusu nipandishe usukani."

"Hatibu, usukani usiguse," akasema Teodori. "Nenda nyumbani."