Kibuyu cha Ndila

Kalunde hana dogo. Ukimuuliza bei ya pojo mara mbili pale soko la Kavumbuni, anafunga gunia na kukuonyesha barabara ya Kathonzweni ukanunue huko. Lakini siku ya matembezi ya kumbukumbu ya kila mwaka mji mzima humfuata kimya, kwa maana ndiye anayesimulia vigingi.

Vigingi ni vya simiti, vimepakwa chokaa. Kila kimoja kinasimama mahali watu walipoumizwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mzungu alipokuwa akikamata wanaume wa Ukambani wakambebee mizigo vitani. Kwenye cha kwanza, nyuma ya kinu cha unga, wanaume walifungwa kamba shingoni kama mbuzi wa mnada. Kwenye cha pili, wake zao waliwavamia askari wa chifu kwa michi ya kutwangia. Hapo Kalunde haachi kitu: taya lililovunjika, jicho lililotoka, mwanamke mjamzito aliyekanyagwa tumbo.

Cha mwisho kiko ukingoni mwa mto wa mchanga. Hapo Ndila, mama yake babake Kalunde, alipigwa risasi akichota maji, mtoto mgongoni. Mtoto alipona, akaja kumzaa Kalunde. Ndila aliomba maji mpaka akakata roho, na aliyempiga akamwelekezea bunduki kila aliyesogea kumpa. Kibuyu chake kilipasuka alipokiangukia. Kilishonwa kwa uzi wa mkonge, na ndicho Kalunde hubeba matembezini, kikiwa na maji.

Mpigaji alikuwa Mkamba mwenzake, askari aliyeitwa Muindi. Wazee walizikataza nyumba hizo mbili kunywea chombo kimoja mpaka zipatane. Siku watakapokunywa pamoja mbele ya watu, damu itakuwa imelala, na atakayeinua mkono baada ya hapo atajitafutia laana. Hawajawahi kunywa. Mtu wa Muindi akiingia hotelini, Kalunde huacha chai yake na kutoka.

Mwaka huu jina la Muindi liliandikwa kwenye kigingi cha mwisho. Kalunde ndiye aliyeisumbua kamati mpaka ikachoka. Na siku ya matembezi, kwa mara ya kwanza, akaja Musyimi, mjukuu wa Muindi, mwenye duka la mabati. Alikuja peke yake na suti yake ya kanisani.

"Nimekuja tu kusikia," aliwaambia waliomkodolea macho.

Basi Kalunde akamsikilizisha. Alizidisha ukali kila kigingi, na mtoni akaeleza risasi ilivyoingia chini ya titi na mchanga ulivyokunywa damu. Alipomaliza akanyoosha kidole. "Na mjukuu wake ndiye huyo."

Hakuwa ametuma mtu ampige. Au ndivyo alivyojiambia. Ngumi ya kwanza ilimpata Musyimi mdomoni, ya pili ikamwangusha, halafu viatu vikamshukia mbavuni na kichwani. Suti ilichanika. Jino lilitoka. Kalunde alisikia ubavu ukivunjika na, tuseme ukweli, alifurahi. Moyo wake ulipoa kama aliyetua mzigo.

Musyoka, mwendesha bodaboda mwenye mikono minene, aliokota jiwe kubwa kwa mikono miwili, akaliinua juu ya kichwa cha Musyimi. Kisha akamgeukia Kalunde, ambaye vijana wote humwita Susu, yaani nyanya.

"Susu, damu ni yenu. Sema tu. Nimalizane na yeye?"

Watu wote wakamtazama. Hata kusema hakukuwa na haja. Angenyamaza tu, jiwe lingeshuka.

Musyimi hakuomba msamaha. Alifungua mdomo uliojaa mchanga na damu. "Maji," akasema.

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wakimwogopa Musyoka na jiwe lake. Kalunde akaona hivyo, akazibua kibuyu.

"Weka hiyo jiwe chini!" akafoka, akipiga magoti mchangani. Akamwinua Musyimi kichwa na kumwekea kibuyu mdomoni. "Kunywa."

Macho ya Musyimi yalijaa hofu. "Susu, hii ni ya Ndila."

"Najua ni ya nani. Kunywa kabla nibadilishe roho."

Akanywa. Damu ya mdomo wake ikachuruzika ndani ya kibuyu.

Musyoka hakuweka jiwe chini. Bado nyumba moja tu ndiyo ilikuwa imekunywa, na kila mtu pale alijua.

Kalunde alichungulia ndani. Maji yalikuwa mekundu. Hakuwa amemsamehe. Alimchukia mtu huyu kama alivyomchukia asubuhi. Akakiinua kibuyu bila kukipangusa mdomo, akanywa mpaka kikaisha.

Nyuma yake alisikia jiwe likianguka mchangani.