Nilimwandikia presha bibi aliyekuwa ameshakufa

Admin, naomba unifichie jina, maana humu nina watu wengi wa kwetu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Mwanza, ni nesi mpya kabisa, hata mwaka sijamaliza kazini. Nimepata nafasi ya kwenda kusomea shahada ya uuguzi nje ya nchi. Visa ipo, tiketi ipo, kanisani wameshaniombea mara mbili, na baba amehakikisha Butimba nzima inajua. Najua wapo watakaosema hii ni chai, nimetunga. Semeni tu, ila someni mpaka mwisho.

Mwaka wa mwisho wa chuo nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, wodi ya wanawake. Kila saa sita mchana mwanafunzi anapita kitanda kwa kitanda, anapima presha, mapigo na joto, anaandika kwenye faili. Mashine ya presha ilikuwa moja na wagonjwa wamejaa. Kwa hiyo tulikuwa na mtindo wetu, tunauita kupika. Unaangalia alichoandika mwenzako asubuhi, unapunguza mbili hapa, unaongeza tatu pale, unasogea. Tulikuwa tunaulizana kabisa huku tunacheka, "Leo umepika wangapi?" Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kutuma maombi ya chuo cha nje, mtandao unasumbua, na mimi muda wote nachungulia simu mfukoni mwa sare. Nikapika wodi nzima.

Kitanda namba sita alikuwepo bibi mmoja wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Alikuwa ameelekea ukutani, shuka mpaka mabegani. Sikumgusa. Niliandika 118 kwa 76, nikaweka sahihi yangu.

Saa saba wageni wakaingia. Mkwe wake alikuja na chupa ya uji, akakaa kidogo, akaondoka. Saa nane daktari akapita, akamgeuza yule bibi, kumbe amekufa. Akafungua faili, akasema, "Saa sita alikuwa vizuri tu. Amekwenda ghafla." Kazi ya kumwandaa nikapewa mimi. Nilipotaka kumfunga kidevu nilikuta taya limeshakakamaa, na shingo pia. Darasani tulifundishwa kwamba mwili haukakamai namna ile kwa saa mbili. Yule bibi alikuwa maiti tangu wakati nasimama pale na kalamu yangu. Nilijua, na nilinyamaza.

Wiki iliyofuata, mchana kweupe, naingia wodini nakuta kitanda namba sita hakina mtu, godoro limetolewa linasafishwa. Bibi amekaa juu ya vyuma. Amekunja mkono wa gauni, amenyoosha mkono wake kwangu, anasubiri kupimwa. Niliangusha trei nzima. Kabla sijamaliza chuo nilimwona mara tatu zaidi, na hasemi kitu, ni mkono tu. Sista msimamizi wa wodi alidhani ni woga wa maiti. Aliniambia, "Mwanangu, kila nesi ana marehemu wake. Utazoea." Baadaye chuo cha nje kilipodai barua ya mapendekezo, Sista huyohuyo ndiye aliyeniandikia, akasema mimi ni makini sana kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Nilipoisoma nilijifungia chooni nikalia. Halafu nikaituma.

Sasa hivi niko kwenye zahanati moja Buhongwa. Mwezi uliopita aliingia mama na mtoto mwenye kidonda mguuni. Nimwite Mama Kulwa, si jina lake. Hakunitambua, lakini mimi nilimjua palepale. Ndiye yule mkwe wa chupa ya uji. Nikawa namsafisha mtoto, mama anaongea.

"Tumepanga chumba hapa, nesi. Kwangu nimefukuzwa."

"Kwa nini tena, mama?"

"Wanasema nimemuua mama mkwe. Shemeji zangu waliambiwa faili linaonyesha saa sita alikuwa mzima, na mimi nimefika saa saba na uji wangu. Nilimkuta amelala, hata sikumwamsha, nikaacha chupa juu ya kabati. Nani ataniamini? Shemeji yangu mdogo amesema nikikanyaga tena pale kwao nisije nikamlaumu mtu."

Nilikaza bandeji mpaka mtoto akaniangalia.

Juzi amerudi. Mume wake amewabembeleza wazee wakubali kukaa kikao Jumamosi hii, ng'ambo huko. Akishindwa kujitetea, ndoa imekwisha na watoto watabaki kwa baba yao. Akaniomba, "Twende wote mdogo wangu, uwaambie kitaalamu. Wewe nesi watakusikia." Nikamwambia Ijumaa nasafiri. Hakukasirika. Alinishika mkono akasema, "Basi Mungu akutangulie." Nyuma yake, kwenye benchi la wagonjwa, bibi alikuwa amekaa, mkono wa gauni umekunjwa.

Nikisema ukweli, leseni yangu naiweka rehani, Sista ataifuta barua yake, na chuo hakitanipokea. Baba sijui nitamwangalia vipi. Nikinyamaza, mwanamke asiye na kosa anaingia peke yake kwa watu waliokwisha kumtishia. Rafiki yangu ninayemwamini ameniambia, "Nenda, ukifika huko andika barua." Lakini karatasi yangu ndiyo iliyomfikisha Mama Kulwa hapo alipo. Ya pili nani ataiamini, na mwenyewe nimeshakimbia?

Mtakaonitukana nitukaneni, nimestahili. Ila msiniambie nifanye toba, hiyo nimefanya mpaka magoti yameota sugu, na bibi bado anakuja. Nataka mtu mzima mwenye akili zake anijibu leo, maana siku zimekwisha. Ijumaa nipande ndege, au Jumamosi nipande kivuko?